Unafuu Ulitoka Wapi

Watu wa rika langu wanapokutana, mazungumzo yakaelekea kwenye magari, haupiti muda kabla mmoja hajasema kwamba zamani kijana mwenye kazi ya kawaida aliweza kununua gari la spoti, na kwamba siku hizi gari la namna hiyo limekuwa la matajiri. Kauli hii nimeisikia mara nyingi, nami mwenyewe nimeitamka. Lakini nilikuwa karani wa forodha kwa miaka thelathini na mitano pale Mombasa, na kazi ile ilinifundisha kutokubali bei ya kitu chochote kabla sijauliza imetoka wapi. Nimeona vyema niulize swali hilo hapa: ule unafuu tunaousifu, ulitoka wapi hasa, na nani aliulipia?

Ninaposema gari la spoti simaanishi yale ya Ferrari, ambayo hayakupata kuwa ya watu kama sisi. Nasema lile gari dogo, la chini, aghalabu lenye viti viwili, lisilofaa kubebea gunia wala kupelekea watoto shule. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kumfurahisha mtu apendaye kushika usukani. Kitu kisicho na faida nyingine ndicho kipimo kizuri cha hali ya watu, maana hununuliwa na mtu aliyekwisha kulipia chakula, kodi ya nyumba na karo, akabakiwa na chochote.

Tuanze na mwaka 1958 huko Uingereza. Mwaka huo lilitoka gari liitwalo Austin-Healey Sprite, lenye taa mbili zilizochomoza juu ya boneti kama macho ya chura. Bei yake ilikuwa chini ya paundi 700 pamoja na kodi, na karibu theluthi moja ya fedha hizo ilikuwa ni kodi yenyewe. Donald Healey na wenzake waliwezaje? Hawakubuni injini mpya. Walichukua ile ya Austin A35, gari dogo la familia, yenye ujazo wa sentimita 948. Usukani waliutoa katika Morris Minor. Milango haikuwa na vitasa vya nje. Buti halikuwa na kifuniko. Mtu akitaka tairi la akiba alilaza mgongo wa kiti mbele na kulivuta kutoka ndani. Kila kilichoweza kuachwa kiliachwa, na kila kilichobaki kilikuwa kimekwisha kulipiwa na maelfu ya akina baba walionunua magari ya familia.

Hapo ndipo tunapoona chanzo cha kwanza. Gari la spoti la bei nafuu lilikuwa mtoto aliyelelewa na jamaa. Gari la kawaida lilibeba gharama za kiwanda, nalo la spoti likapanda mgongoni. Magari ya MG yaliishi kwa njia hiyo hiyo. MGB, lililoanza mwaka 1962, liliundwa zaidi ya nusu milioni, na mengi yalivushwa bahari kwenda Marekani. Lakini jamaa akifilisika, mtoto naye hulala njaa. Katika miaka ya 70 sheria za Marekani za usalama na za moshi zilibadilika. MGB likainuliwa juu na kuvalishwa bampa nzito za mpira mweusi. Kisha paundi ikapanda thamani, na kampuni ikasema kwamba inapata hasara kwa magari inayoyauza Marekani. Mnamo Oktoba 1980 kiwanda cha Abingdon kilifungwa.

Wakati huo Wajapani walikuwa wamekwisha kuingia sokoni. Gari la Datsun 240Z lilianza kuuzwa Marekani kwa dola 3,526. Lilikuwa na injini ya silinda sita yenye lita 2.4, ndugu wa injini ya silinda nne iliyokuwa katika Datsun 1600. Aliyelipigania ni Yutaka Katayama, mkuu wa Nissan huko Marekani, mzee aliyeamini kwamba raha ya kuendesha gari isiwe ya wenye mali peke yao. Wanunuzi walipanga foleni.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatukuhitaji kuelezwa habari za gari hilo kwa magazeti ya ng'ambo. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalitupitishia magari mlangoni kila Pasaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na Shekhar Mehta akawa wa pili kwa gari kama hilo. Mwaka 1973 Mehta alishinda mwenyewe, tena kwa 240Z, baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström. Akapewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Mimi na kaka yangu tulikuwa vijana. Tulisimama kando ya barabara, vumbi likatujaa kinywani, tukayaona magari yaleyale yaliyoweza kununuliwa dukani yakipasua matope. Hilo ndilo lililotushika akili. Joginder Singh alikuwa ameshinda mwaka 1965 kwa Volvo lililokwisha kutumika. Basi ilionekana kwamba kati ya bingwa na mtu wa kawaida pana ufundi tu, wala si ukuta wa fedha.

Lakini ile bei ya dola 3,526 ilisimama juu ya nini? Tangu mwaka 1949 hadi 1971 dola moja ilibadilishwa kwa yen 360. Kwa hesabu hiyo, 240Z ilileta Japani kiasi cha yen 1,270,000. Mwezi Septemba 1985 mataifa matano makubwa yalikutana katika hoteli ya Plaza, New York, yakakubaliana kuishusha thamani ya dola. Wakati ule dola ilikuwa karibu yen 240. Kufikia mwaka 1988 ilikuwa karibu 120. Chukua yen zile zile 1,270,000, uzigawe kwa 120, utapata zaidi ya dola 10,500. Hakuna msumari ulioongezwa katika gari, hakuna fundi aliyelipwa zaidi, na bado bei imekuwa mara tatu. Mwaka 1995 dola ilishuka hata chini ya yen 80. Ndiyo sababu mnunuzi wa Marekani aliona Nissan 300ZX na Toyota Supra yakipanda kutoka magari ya mwalimu na karani na kuwa magari ya daktari, kisha yakatoweka kabisa madukani. Mazda RX-7 liliondolewa Marekani baada ya mwaka 1995, 300ZX baada ya 1996, na Supra baada ya 1998.

Chanzo cha pili, basi, kilikuwa fedha dhaifu ya Japani. Unafuu ule ulilipiwa na wafanyakazi wa kule, ambao jasho lao lilihesabiwa kwa fedha ya chini kwa zaidi ya miaka ishirini. Walipoanza kupata haki yao, sisi wapenzi wa magari tukalalamika kwamba dunia imeharibika.

Sasa naomba msomaji asimame nami hapa, maana hesabu inayofuata ilinishangaza mwenyewe. Mnamo Februari 1989 Mazda ilionyesha gari la MX-5 mjini Chicago, nalo likauzwa kwa dola 13,800. Lilikuwa ni Sprite limezaliwa upya: injini yake ilitokana na ile ya Mazda 323, gari la familia. Gari hilo bado linaundwa hadi leo, na mwaka 2024 bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa kiasi cha dola 29,000. Ukitazama tarakimu tupu utasema bei imepanda zaidi ya maradufu. Lakini dola nayo imepungua nguvu. Dola 13,800 za mwaka 1989 ni sawa na kiasi cha dola 35,000 za mwaka 2024. Na zile dola 3,526 za 240Z mwaka 1970 ni sawa na kiasi cha dola 28,000. Maana yake ni kwamba gari jipya dogo la spoti, kwa Mmarekani, halikupanda bei hata kidogo. Huenda limeshuka, nalo lina breki, mikanda na mifuko ya hewa ambayo hatukuiota.

Kilichopungua ni idadi ya watengenezaji waliobaki. Hata Toyota na Subaru, walipotaka kuunda gari la namna hiyo mwaka 2012, ilibidi waungane na kuliunda moja kwa majina mawili. Jamaa yule wa kumlea mtoto amebadilika: familia za leo hununua magari marefu ya kupandia juu, ambayo vipuri vyake havifai katika gari la chini.

Kwa sisi wenye shilingi hadithi ni nyingine. Mwaka 1970 dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14, Kenya na Tanzania vilevile. Dola 3,526 zilikuwa shilingi 25,000 hivi. Mwaka 2024 dola 29,000 zilikuwa zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu za Kenya, au zaidi ya milioni sabini za Tanzania, kabla ya nauli ya meli na kabla ya ushuru. Na ushuru naujua, maana ndio uliokuwa mkate wangu: ushuru wa kuingiza, kisha ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, kisha kodi ya ongezeko la thamani juu ya jumla ya yote hayo. Kila kodi hupanda juu ya mabega ya iliyotangulia. Kwa hiyo gari jipya la spoti halikuwahi kuwa letu kwa kweli. Letu lilikuwa lile lililokwisha kutupwa na mwingine.

Hiki ndicho chanzo cha tatu, na kwetu ndicho kikuu: dharau. Mwaka 1973 mafuta yalipanda bei karibu mara nne, kisha yakapanda tena mwaka 1979. Magari ya silinda sita yakawa kama mbwa mwenye kichaa; mwenyewe aliomba tu apatikane wa kumwondolea. Mwaka 1982 marehemu kaka yangu, aliyekuwa na karakana ndogo upande wa Grogan, Nairobi, alinunua Datsun 240Z la mwaka 1972 kwa bei ya Corolla kuukuu. Aliyemuuzia alidhani amemwonea. Kaka alilirekebisha kwa mikono yake kwa miaka miwili, na kila Jumapili alikwenda nalo barabara ya Namanga, akarudi kabla ya chakula cha mchana. Wanawe wawili walijifunza kuendesha katika gari hilo. Aliwafundisha kubadili gea kwa kusikiliza injini, akiwa amefunika saa zote za mbele kwa kitambaa.

Katika miaka ya 90, uagizaji ulipolegezwa, dharau ilikuja kwa meli nzima. Kule Japani gari likishazeeka, ukaguzi wa lazima wa serikali humgharimu mwenyewe fedha nyingi, kwa hiyo huona afadhali kuliuza. Pale Kilindini nilipitisha karatasi za Toyota Celica, Subaru Impreza, Mitsubishi Lancer na nyinginezo. Magari mengine yalikuwa na mbio kupita kiasi kwa sababu ya sheria ya mashindano: kiwanda kikitaka kushindana katika rali kililazimika kuunda maelfu ya magari ya namna hiyo kwa ajili ya barabara. Colin McRae alishinda Safari ya mwaka 1997 kwa Impreza, na mwaka ule ule vijana wa Mombasa walikuwa wakiulizia gari la jina hilo, lililotumika miaka michache, kwa fedha ambazo mtu mwenye duka dogo aliweza kuzikusanya. Ilikuwa mitumba, naam, lakini mitumba ya wafalme.

Nani aliyefunga mlango huo? Wengi walisukuma, kila mmoja kwa sababu yake. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu kuandikishwa, na Tanzania huongeza ushuru kwa lililochakaa. Serikali zina haki ya kukataa kuwa jalala. Lancer Evolution liliacha kuundwa mwaka 2016. Na upande wa pili wa dunia, sheria ya Marekani ya mwaka 1988, iliyozuia magari ya nje yasiyotimiza masharti yao, iliacha tundu moja: gari likitimiza miaka 25 huruhusiwa kuingia. Nissan Skyline GT-R la mwaka 1989 liliruhusiwa mwaka 2014. Tangu hapo, kila mwaka unapogeuka, kundi jingine la magari ya Kijapani hufikia umri, nao wanunuzi wenye dola huwa wanasubiri mnadani. Ni watoto wa jana, waliokuwa na picha za magari hayo ukutani, ambao sasa wana mishahara. Chakavu iliyokuwa ikishuka bei kuelekea kwetu, imegeuka njiani na kupanda bei kuelekea kwao. Mwezi Januari 2020 gari moja la 240Z lilipigwa mnada Marekani kwa dola 310,000.

Wazee walisema ya kale ni dhahabu. Walikuwa wakisema habari za hekima. Sidhani walitazamia kwamba neno hilo litakuja kutumika kwa mabati.

Habari ya mnada huo ilifika Nairobi. Wana wa kaka yangu waliisoma, wakalitazama gari la baba yao kwa macho mapya. Wa kwanza alinunua turubai. Wa pili aliacha kulipeleka Namanga, kwa kuhofia lori na mawe. Bima waliyoulizia iliwashinda. Likawashwa mara moja kwa mwezi, likiwa pale pale limesimama, kisha likafunikwa. Mwaka juzi akaja mnunuzi kutoka ng'ambo na fedha za kutosha kumaliza nyumba ambayo mkubwa wao alikuwa amesimamisha kuta tu kwa miaka saba. Mkubwa akataka kuuza. Mdogo akasema, "Baba Mdogo, tukiliuza hili hatutalipata tena maishani." Wakaniachia mimi neno, kwa kuwa ndimi niliyebaki wa rika la baba yao.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Mdogo alikuwa na haki: wasingelipata tena. Hesabu zote nilizozieleza hapa zilikuwa upande wake. Lakini nilijiuliza kaka yangu aliwaachia nini hasa. Yeye hakununua dhahabu. Alinunua kitu kilichodharauliwa, akakitumia mpaka akakijua kwa sauti yake. Laiti gari lile lingekuwa na bei ya nyumba mwaka 1982, asingeligusa. Na kama lingepanda bei ghafla mikononi mwake, nina yakini angeliuza Jumatatu na kutafuta jingine Jumanne. Kwa wanawe, bei ilikuwa imekwisha kulichukua gari kabla mnunuzi hajabisha hodi. Walichobaki nacho ni turubai.

Nikawaambia wauze, kwa sharti moja: kwamba kabla ya nyumba kupigwa lipu, fungu litengwe la kumnunulia mdogo gari la kuendesha. "Gari gani, Baba Mdogo? Yote yamepanda," akaniuliza. Nikamwambia atafute kile ambacho watu hawakitaki leo, kama baba yake alivyofanya. Katika yadi za magari siku hizi gari la gea za mkono hukaa muda mrefu, maana wateja wanataka la kujibadilishia lenyewe kwa sababu ya foleni. Alizunguka miezi mitatu, akapata Corolla ndogo yenye gea tano, nyepesi, rangi imepauka. Si gari la spoti, wala sitamdanganya msomaji kwamba ni sawasawa. Anapopita Namanga hakuna anayegeuka kumtazama. Lakini analiendesha, nalo likikwaruzwa hulala usingizi.

Datsun lilishushwa Mombasa juu ya lori, nikaombwa niwasaidie vijana wa ofisi kupanga karatasi za kulisafirisha. Nilizijaza kwa mkono wangu: mwaka wa kuundwa 1972, silinda sita, rangi nyekundu, hali yake limetumika. Nilipofika kwenye nafasi ya thamani niliandika tarakimu zile mara mbili ili nisikosee sifuri, nikatia sahihi kama shahidi, nikamrudishia kijana kalamu yake.